Saida yangu ya epo inanuka mayai viza siku ya nne. Niimwage?

#1 Kipengere_Juu
Wakuu habarini. Niko Makete, nina miti ya epo aina ya Anna, na michache ya Dorsett Golden niliyoichanganya humo kwa ajili ya uchavushaji. Msimu huu imebeba sana. Makubwa yameuzika, yamebaki madogo na yenye madoa, yale ambayo mnunuzi akiyaona anapita kama hajakuona. Nikasema nisiwape nguruwe yote, nijaribu kutengeneza saida, yaani pombe ya juisi ya epo.

Nilivyofanya: nimeosha, nimekatakata, nimetwanga kwenye kinu, nimekamua kwa kipande cha shuka safi. Nimepata dumu moja la lita 20. Nimetia vijiko viwili vya hamira ya mkate, sukari sijatia hata punje. Kifuniko nimekitoboa nikapitisha mpira wa dripu, ncha yake nyingine imezama kwenye chupa ya maji, kwa hiyo hewa inatoka, haiingii. Siku ya pili ilikuwa inachemka vizuri, povu mpaka mdomoni.

Leo siku ya nne nyumba nzima inanuka mayai viza. Mke wangu amelitoa dumu nje na mimi nimeambiwa nilifuate. Rangi ni nzuri, kama chai iliyopauka, na nikionja bado ina utamu kidogo. Niimwage au nivumilie?

#2 Chuma_Ulete
Natandika jamvi hapa nikisubiri wajuzi.

#3 Mangi_Mdogo
Usimwage mkuu. Ila kosa lako ni hiyo hamira ya dukani. Kwetu Marangu mbege haitiwi hamira ya pakiti. Ndizi zinachemshwa, zinaachwa zichache zenyewe, ndipo unakuja uji wa kimea cha ulezi na gome la msesewe la kuipa uchungu. Tangu niko mdogo nachota maji ya pombe ya bibi yangu, sijawahi kusikia harufu ya yai. Tunda linakuja na chachu yake kwenye ganda. Ukiileta ya mgeni zinagombana.

#4 Kipengere_Juu
Mangi nakuelewa, hata ulanzi wetu wa mianzi huku unachacha wenyewe ukiwa bado unadondoka kwenye mbeta. Lakini niliogopa nikiacha epo bila hamira itageuka siki kabla haijawa pombe.

#5 Pipa_la_Mwaloni
Salaam. Naishi Herefordshire, Uingereza, na huku saida ni kama mbege kwa Mangi. Huu ni mwaka wangu wa saba natengeneza nyuma ya nyumba.

Hamira yako haijagombana na mtu, ina njaa. Juisi ya epo ina sukari ya kutosha lakini ni maskini wa naitrojeni, na hamira inahitaji naitrojeni ili ijijenge mwili. Ikikosa inatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo hiyo harufu. Mbege ina kimea cha ulezi ndani, nafaka inailisha, ndiyo maana bibi yake Mangi hakupata shida hii. Wazee wa huku wanasimulia kwamba zamani watu walitumbukiza kipande cha nyama kwenye pipa. Inachekesha, lakini nyama ni protini na protini ina naitrojeni, kwa hiyo walikuwa wanalisha bila kujua jina la chakula.

Fanya hivi: chukua kijiko kimoja cha hamira, kichemshe kwenye kikombe cha maji dakika kumi, acha kipoe kabisa, mimina kwenye dumu. Hamira iliyokufa ni chakula cha iliyo hai. Fanya leo, sukari ikiwa bado ipo. Ikiisha, hamira hailishiki tena.

#6 Bwana_Shamba_Mstaafu
Kabla hamjamlisha mtu naomba niulize swali moja. Kipengere, miti yako ulipiga salfa?

#7 Kipengere_Juu
Ndiyo mzee. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe, ulikuwa umeshika majani, nikapiga salfa ya unga mara mbili. Ya mwisho ilikuwa kama siku kumi kabla ya kuchuma. Nimeosha kwa maji ya baridi tu.

#8 Bwana_Shamba_Mstaafu
Basi jibu umeshalitoa. Salfa imetengenezwa ili ing'ang'anie, mvua isiiondoe, sembuse beseni la maji ya baridi. Ikiingia kwenye juisi, hamira inaigeuza kuwa gesi ileile aliyoitaja Pipa. Wakulima wa zabibu za divai wanajua sana hili, wanaacha salfa wiki kadhaa kabla ya mavuno. Mwakani simamisha mapema, na matunda uyasugue mojamoja kwa kitambaa.

Halafu hayo madogo yaliyobaki, una uhakika yalikuwa yameiva? Nenda zahanati uombe matone machache ya iodini. Kata epo katikati, dondoshea. Likigeuka bluu inayokaribia weusi bado lina wanga, yaani sukari haijakamilika. Wanga huo ndio unaofanya saida ibaki na ukungu hata ukae nayo mwaka.

#9 Limuru_Ukungu
Mzee Bwana Shamba, heshima yako, lakini mimi ninapinga kidogo. Mwaka jana nilitengeneza lita tano hapa Limuru. Epo nilinunua sokoni, zile za kutoka Afrika Kusini, nikazimenya maganda yote kwa sababu ya ile nta. Hakuna salfa ingeweza kubaki pale. Na bado ilinuka mayai siku ya tano. Mimi nadhani ni baridi. Usiku huku ukungu unaingia mpaka ndani ya blanketi. Nilipoisogeza karibu na jiko harufu ikaisha kwa siku mbili.

#10 Mangi_Mdogo
Limuru umeona? Hamira ya dukani tena hiyo. Narudi palepale.

#11 Pipa_la_Mwaloni
Limuru, baridi peke yake hainukishi. Huku watu wanachachusha kwenye nyuzi 10 mpaka 15 miezi mizima na wanaipenda hivyo, inabaki na harufu ya tunda. Kinachosumbua hamira ni kupandishwa na kushushwa, mchana 25 usiku 8. Na ulipoisogeza jikoni inawezekana ilikuwa imefika mwisho wake tu. Gesi nyingine ilipochemka kwa nguvu ikaisukuma ile mbaya nje.

Hoja ya Bwana Shamba siikatai. Ila Limuru alimenya, kwa hiyo salfa si jibu la kila dumu.

#12 Bi_Karafuu
Mimi pombe sinywi wala siijui, lakini siki nimetengeneza miaka mingi hapa Unguja, ya embe, ya nanasi, na hata ya epo mwanangu akija nazo kutoka bara. Mwanangu Kipengere, usimwage kitu. Ukiona imekushinda, toa huo mpira, funika mdomo wa chombo kwa kitambaa chepesi ufunge na uzi, weka penye hewa na kivuli. Miezi miwili mitatu utakuwa na siki ambayo achari yake inakaa mwaka. Kitambaa kiwe kimefumwa karibukaribu kuzuia vile vijinzi vidogo, maana vikiingia vinazaa humo.

Halafu jamani, mnasema epo, epo. Tofaa si jina zuri tu?

#13 Chuma_Ulete
Shikamoo Bi Karafuu. Swali la heshima: siki si lazima ipite kwenye pombe kwanza? Wewe unaifanyaje?

#14 Bi_Karafuu
Marahaba. Inapita, najua. Nilimuuliza sheikh wangu zamani akaniambia ikigeuka yenyewe kuwa siki ni halali, hilo halina mzozo. Mimi nailaza nikiwa nimekusudia siki, na siigusi mpaka ikate ulimi.

#15 Mangi_Mdogo
Bi Karafuu, tofaa lenu la Unguja ni lile jekundu lenye umbo la kengele, nyama nyeupe, linanukia kama waridi. Lile si epo. Ukimwambia Kipengere atengeneze saida ya matofaa atapata maji ya waridi.

#16 Bi_Karafuu
Ni kweli ni mti mwingine, wa jamii ya mikarafuu na mizambarau. Lakini jina tulikuwa nalo sisi kabla epo haijashuka melini. Vitabu vya shule vinaandika tufaha kwa yote mawili, na watoto wa Unguja wanachora jekundu la kengele. Mwalimu wa bara akisahihisha anawakosesha! Hili linaniuma kweli.

#17 Maziwa_Mgando
Turudi kwenye dumu. Mimi napokea maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, nina laktomita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa. Si inaweza kumsaidia Kipengere kujua sukari imebaki kiasi gani? Maana mnamwambia "sukari ikiwa bado ipo" naye anapima kwa ulimi.

#18 Pipa_la_Mwaloni
Wazo zuri lakini laktomita inaishia 40, yaani uzito wa 1.040 ukilinganisha na maji ambayo ni 1.000. Juisi ya epo nzuri inaanza kwenye 1.045 mpaka 1.055. Itaelea juu ya alama zote.

#19 Maziwa_Mgando
Basi anachanganya nusu juisi nusu maji, anasoma, anazidisha mara mbili. Ikisoma 25 maana yake juisi ni 50. Sisi maziwa yakiongezwa maji tunayakamata kwa hesabu hiyohiyo.

#20 Pipa_la_Mwaloni
Hapo umenishinda na nafurahi kushindwa. Ndiyo, itafanya kazi, mradi apime kikombe sawa kwa kikombe na vyote viwe na joto la kawaida. Sijawahi kuiona mahali na nitaitumia kumfundishia mtu. Kwa faida ya wengine: ikianza 50 ikashuka mpaka 0, zidisha tofauti kwa 0.131, unapata karibu asilimia 6.5 ya kilevi.

Kumbukeni pia juisi ya dukani. Soma kibandiko. Ukiona benzoeti ya sodiamu au sorbeti ya potasiamu, yaani E211 na E202, hamira haitafanya kitu. Kuna watu wanakaa wiki mbili wakiangalia dumu lililonyamaza.

#21 Kisu_cha_Gereji
Mnazunguka sana. Dawa ya harufu hiyo ni shaba. Chuna waya wa umeme, usafishe ung'ae, zamisha nusu saa huku unakoroga, toa. Gesi inashikana na shaba, harufu inakatika palepale. Nilifanya kwenye divai ya rozela, nashuhudia.

#22 Bwana_Shamba_Mstaafu
Kisu kuwa makini na ushauri huo. Kinywaji cha epo kina asidi, na asidi inakula madini. Shaba ikizidi tumboni ni sumu. Na waya wa kusukia mota unaonekana shaba tupu kumbe umepakwa vanishi. Mtu akisoma haraka atatumbukiza huo.

#23 Pipa_la_Mwaloni
Naunga mkono tahadhari ya mzee. Kemia ya Kisu ni sahihi, lakini ni ya mwisho, baada ya kuchacha kuisha, kipande kidogo, dakika chache, na hakiachwi humo kulala.

Kuna kisa cha huku ambacho kila anayetengeneza saida angekijua. Karne ya 18, katika jimbo la Devon, watu walikuwa wanapatwa na msokoto wa tumbo wa ajabu na mikono kupooza, wakaita ugonjwa wa Devon. Mwaka 1767 daktari George Baker, mwenyeji wa hukohuko, aliandika kwamba sababu ni risasi, madini ya risasi yaliyokuwa kwenye mashine za kukamulia epo. Waliomkasirikia walikuwa watengenezaji wa saida wa kwao, maana saida ndiyo ilikuwa pato lao. Vibarua nao walikuwa wanalipwa sehemu ya ujira kwa saida, mpaka sheria ilipokataza mwaka 1887. Kwa hiyo sufuria za alumini, bomba za mabati, vyombo vya udongo vyenye rangi ya kung'aa msivyovijua: viacheni. Plastiki ya chakula, kioo, au chuma kisichoshika kutu.

#24 Kisu_cha_Gereji
Nimeelewa. Nasisitiza nusu saa basi, si usiku kucha, na waya wa nyumba, si wa mota.

#25 Mkiga_wa_Kabale
Hamjambo nyote. Sisi Kabale tunalima epo hizohizo za Anna. Mimi naogopa kitu kingine kabisa. Watu wamepofuka kwa pombe za kienyeji. Epo ina pektini, ile inayogandisha jamu, na pektini ikivunjika inatoa methanoli, kilevi chenye sumu. Kwa nini hakuna aliyemwambia ndugu yetu?

#26 Pipa_la_Mwaloni
Swali la maana. Methanoli inakuwepo kweli, kidogo sana, kama ilivyo hata kwenye juisi ya matunda iliyokaa. Kwa kinywaji kilichochachushwa tu, hakikupikwa kwa mvuke, haifiki kiwango cha kupofua. Hatari inaanza mtu akiikeneka, maana hapo anakusanya. Na wengi waliokufa kwa gongo waliuziwa iliyotiwa spiriti ya kiwandani makusudi.

#27 Bwana_Shamba_Mstaafu
Kukeneka nyumbani pia ni kosa la jinai kwetu Tanzania. Lisije kuingia kwenye uzi huu.

Mimi ninachoogopa zaidi ni epo za kuokota chini. Zikiwa na ukungu wa bluu zina sumu ya patulini. Zikiwa zimelala kwenye mavi ya ng'ombe, mnakumbuka mwaka 1996 Marekani watu wengi waliugua na mtoto mdogo akafa kwa juisi ya epo ambayo haikuchemshwa, kwa bakteria wa tumbo la ng'ombe. Kilevi na asidi vinapunguza hatari lakini mtoto anayeonja juisi siku ya kukamua hana kinga hiyo. Chuma mtini.

#28 Limuru_Ukungu
Kipengere yuko wapi? Tunalijadili dumu lake kama jirani aliyesafiri.

#29 Kipengere_Juu
Nipo wakuu, mtandao huku ukipata mawingu unalala. Ahsanteni sana. Siku ileile niligawa lita 20 kwenye madumu manne ya lita tano, nikaamua nisimwamini mtu mmoja. La kwanza nimeliacha kama lilivyo. La pili nimelipa hamira iliyochemshwa ya Pipa. La tatu nimelisogeza karibu na jiko kama Limuru. La nne nimelisubirisha likimaliza kuchacha nilifanyie waya wa Kisu, wa nyumba, nusu saa. Laktomita nimeazima kituo cha maziwa, walinicheka halafu wakataka kujua ikisomaje.

#30 Chuma_Ulete
Huyu ndiye mtu. Tunasubiri.

#31 Kipengere_Juu
Wiki ya tatu sasa, naleta majibu kama nilivyoahidi.

Dumu la Pipa: harufu ilipungua siku ya pili, ya tatu haikuwepo. Limemaliza mapema kuliko yote.
Dumu la jikoni: harufu ilizidi kwanza, usiku mmoja ilikuwa balaa, halafu ikakatika ghafla.
Dumu la waya: lilinuka mpaka mwisho wa kuchacha, nikazamisha shaba, waya ukatoka mweusi na harufu haipo.
Dumu nililoliacha: nalo halinuki! Limechelewa kama siku tisa tu.

Nikakamua jingine la lita tano, epo za miti mitatu ya karibu na mto ambayo sikuipiga salfa kabisa. Siku ya nne likanuka. Kidogo, lakini lilinuka.

#32 Bwana_Shamba_Mstaafu
"Kidogo" ndilo neno langu. Ungekuwa umepiga salfa lingekuwa kubwa. Na upepo wa Makete unabeba unga kutoka mti mpaka mti.

#33 Pipa_la_Mwaloni
Mzee, miti isiyopigwa ikanuka, aliyelishwa akapona kwanza. Mimi nabaki na njaa.

#34 Mangi_Mdogo
Madumu matano, yote yana hamira ya dukani. Hamjanijibu bado.

#35 Kipengere_Juu
Mangi, la sita nitalikamua Jumamosi bila hamira, kwa heshima ya bibi yako.

Sasa naomba msaada wa jambo moja. Ladha ni nzuri, kavu, inakata kiu kuliko nilivyofikiri, mke wangu mwenyewe ameomba glasi ya pili. Lakini haina gesi. Nataka itoe mapovu kama soda. Nina chupa za kioo za mvinyo kumi na mbili.

#36 Limuru_Ukungu
Usiweke kwenye chupa za mvinyo! Nilifanya hivyo. Nilitia sukari kwa kukadiria, nikafunga, nikaziweka kabatini. Saa nane usiku ya kwanza ikapasuka, ikapasua jirani yake, na asubuhi nilichomoa kipande cha kioo kwenye mlango wa mbao. Watoto wangu wanapita pale kila siku. Chupa ya mvinyo usio na gesi haikuumbwa kubeba presha.

#37 Maziwa_Mgando
Kabla ya kufunga chochote pima siku tatu mfululizo. Laktomita ikizama mpaka shingoni na isome palepale siku zote tatu, imeisha. Ikiendelea kushuka bado inafanya kazi.

#38 Pipa_la_Mwaloni
Hapo wote wako sahihi. Tumia chupa za plastiki za soda, safi, zile za nusu lita. Kila lita ya saida kama gramu 4 za sukari, yaani kijiko cha chai kimoja kilichojaa kwa usawa na si kilima. Jaza, acha nafasi ya vidole viwili, funga, weka ndani penye joto. Kila asubuhi ibonyeze. Siku ikiwa ngumu kama chupa ya soda mpya, peleka penye baridi na unywe ndani ya wiki chache.

#39 Kipengere_Juu
Chupa za soda ninazo, wanafunzi wanazitupa njia nzima. Vidole viwili vya nani, vyangu au vya mke wangu?

#40 Bi_Karafuu
Vya mkeo, mwanangu, ndiye aliyelitoa dumu nje. Na lile uliloliacha likawa halinuki, nitengee lita moja kwenye kitambaa nilione siki yake.